Usiguse warloki kabla paladini wako hajafika levo ya 6

Hapana mkuu, weka penseli chini kwanza. Umeandika kwamba kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, paladini wako (shujaa wa upanga na kiapo) yuko levo ya 2, Jumamosi mnakutana Kirumba anapanda ya 3, na umeshaamua levo mbili zinazofuata uzipeleke kwa warloki (klasi ya mchawi mwenye mkataba), ndipo urudi kwenye upaladini. Halafu unauliza upanga wa mikono miwili au upanga na ngao, na kama upinde unafaa. Mambo ya silaha yangoje. Hilo la warloki ndilo litakalokuharibia kampeni, na wote waliokujibu hapo juu wamelipita, wamekimbilia kubishana habari za mapanga.

Usitoke kwenye upaladini kabla ya levo ya 6. Hata ile levo moja ya kuonja, iache.

Naongea kwa sheria za Dungeons & Dragons toleo la tano, kitabu cha 2014, maana ndicho umesema masta wenu, mwendesha mchezo, anatumia. Paladini akifika levo ya 5 anapata shambulio la pili kwenye kila zamu yake. Shambulio hilo linahesabiwa kwa levo za upaladini peke yake, levo za warloki hazichangii. Ukiingiza mbili za warloki, shambulio la pili linakuja mhusika wako akiwa levo ya 7. Mbili tu, unasema? Fungua jedwali la pointi za uzoefu. Levo ya 5 inataka 6,500, ya 7 inataka 23,000. Wenzako watakuwa wameshapata nguvu zao za levo ya 5, mpiganaji anakata mara mbili, mchawi anarusha mpira wa moto, na wewe unakata mara moja kwa zamu mpaka pointi 16,500 nyingine zipatikane. Kwa kikundi kinachokutana wikiendi, mmoja yuko zamu ya kazi, mwingine kasafiri, na umeme nao unakatika, hiyo ni miezi.

Tuiangalie zamu moja tu ya vita. Mhusika levo ya 5, adui ana kinga 15, yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie. Paladini safi aliyeanza na Nguvu 16 ameshapata nyongeza ya sifa kwenye levo ya 4, Nguvu imekuwa 18, anashambulia kwa +7. Anahitaji 8 kwenye dadu ya pande 20, yaani nafasi 65 kwa 100. Ana mashambulio mawili, kwa hiyo nafasi ya kupata angalau moja inakaribia 88 kwa 100. Upanga mrefu na mtindo wa upanga mmoja unatoa d8 (dadu ya pande 8) +4 +2, wastani 10.5 kwa kila pigo likiingia. Zidisha, unapata kama 13.7 kwa zamu kabla hujaweka hata pigo takatifu moja (madhara ya ziada ya paladini, yanayolipiwa kwa nafasi za uchawi, akiba ya uchawi wako).

Sasa huyo wako, paladini 3 na warloki 2. Nyongeza ya sifa hajaipata, kwa sababu nayo inasubiri levo ya 4 ya klasi moja. Anashambulia kwa +6, mara moja, nafasi 60 kwa 100, wastani wa pigo 9.5. Zamu nzima inatoa 5.7. Ukiongeza laana ya Hexblade (aina ya warloki anayepigana kwa silaha) ya +3 unafika 7.5, nusu ya mwenzako na ushee kidogo. Na zamu ulizokosa, ambazo ni 4 katika kila 10, huna la kufanya isipokuwa kuangalia wenzako wakicheza.

Mtaniambia warloki wa levo 2 akiwa mhusika wa levo 5 ana boriti mbili za Eldritch Blast, uchawi wake wa kurusha, kila moja d10 na juu yake nyongeza ya Mvuto (sifa ya haiba). Kweli, na kwa madhara matupu boriti hizo zinasaidia. Ila pigo takatifu haliendi na boriti, linataka silaha iliyompiga adui kwa mkono, ana kwa ana. Na adui mkali akishakusogelea hadi futi 5, kila boriti unairushia dadu mbili unachukua ndogo. Kama mpango wako ni kukaa nyuma ukirusha boriti, hukuhitaji paladini tangu mwanzo.

Kuna wengine wanasema "changanya na mchawi wa kuzaliwa upate nafasi nyingi za uchawi za kuchoma kwenye pigo takatifu". Hili ndilo linalonichoma zaidi, kwa sababu kitabu kipo na kinasomeka. Paladini 3 na mchawi wa kuzaliwa 2: nusu ya 3 inashushwa hadi 1, jumlisha 2, unasoma mstari wa 3 wa jedwali la kuchanganya. Nafasi nne za daraja la kwanza, mbili za daraja la pili. Paladini 5 safi je? Nne za daraja la kwanza, mbili za daraja la pili. Ni zilezile! Umeuza shambulio la pili na nyongeza ya sifa, na kwenye jedwali nafasi hukuongeza hata moja. Warloki kidogo ana hoja, maana zake mbili zinarudi baada ya pumziko fupi, lakini hiyo inategemea masta anatoa mapumziko mafupi mangapi kwa siku. Muulize kabla hujajenga nyumba juu yake.

Na pigo takatifu lenyewe linapenda mashambulio mengi. Kwa sheria za 2014 unaamua baada ya kujua kwamba umempata adui, kwa hiyo unaweza kungoja 20. Nafasi ya daraja la kwanza ni 2d8; ukirusha 20 dadu zote zinaongezeka mara mbili, zinakuwa 4d8. Mwenye mashambulio mawili ana karibu nafasi 10 kwa 100 ya kuona 20 kwa zamu, mwenye moja ana 5. Kwa kitabu kipya cha 2024 pigo limekuwa la mara moja kwa zamu, linakula kitendo cha ziada, lakini hata huko unahitaji angalau pigo moja liingie, na mawili yanaingia mara nyingi kuliko moja.

Hiyo ndiyo levo ya 5. Kwa nini nasema 6? Kwa sababu ya aura. Levo ya 6 ya upaladini, wewe na kila mwenzako aliye ndani ya futi 10 kutoka kwako mnaongeza Mvuto wako kwenye kila dadu ya kujiokoa, mradi una fahamu. Kila dadu: sumu, hofu, moto, kuteka akili. Mvuto 16 ni +3. Mpiganaji wenu mwenye Busara 10 akirushiwa Hold Person, uchawi wa kupoozesha, ya ugumu 14, anajiokoa mara 35 kwa 100. Akisimama miraba miwili (futi 10) kutoka kwako, 50 kwa 100. Akishindwa anapooza, na kila pigo linalompata kutoka kwa aliye ndani ya futi 5 linahesabiwa pigo la 20. Hapo ndipo vikundi vinafutika vyote. Aura haili nafasi ya uchawi, haili zamu, inafanya kazi hata kama mchezaji wake amesahau. Kwa mpango wako inakuja mhusika akiwa levo ya 8, pointi 34,000 badala ya 14,000. Ni sawa na kuchomoa injini ya boti katikati ya safari ya Ukerewe kwa sababu umeahidiwa kubwa zaidi ukifika.

Na huyo bwana wa video uliyotubandikia kiungo chake, nimeitazama yote. Anacheza Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta. Mle ndani mwisho ni levo ya 12, na ukijuta unamlipa Withers, mhusika wa mle mle, sarafu 100 za dhahabu unapangwa upya kuanzia levo ya 1. Anakuonyesha mhusika aliyekamilika anayemaliza adui mkubwa kwa zamu moja, halafu anakuambia "mpangilio bora wa paladini" kama vile ni amri ya mezani. Levo ya 3 mpaka ya 8, ambako ndiko mtaishi kwa muda mrefu kuliko kokote, hakuzigusa. Kwenye meza ya Kirumba hakuna Withers. Mtu anayefundisha wageni bila kusema anafundisha mchezo gani anaharibu watu, na maoni yamejaa wanaomshukuru. Wakija hapa kumtetea, waje na jedwali.

Sisemi Hexblade ni mbaya. Kushambulia kwa Mvuto ni kitu kizito, sifa moja inabeba silaha, uchawi na aura. Ukishamaliza 6, levo ya 7 ichukue kwa raha, ila ujue Hexblade haimo kwenye kitabu cha 2014, inatoka kitabu cha 2017, masta lazima akubali. Na kuchanganya kunataka Nguvu 13 na Mvuto 13, kwa hiyo wanaokushauri uache Nguvu 8 hawajasoma hata sharti. Isitoshe, deraya ya minyororo ukiwa chini ya Nguvu 13 inakupunguzia mwendo futi 10.

Silaha basi. Chukua upanga mrefu, ngao, na mtindo wa upanga mmoja unaotoa +2. Wastani 6.5 kabla ya Nguvu. Upanga wa mikono miwili na mtindo wake wa kurudia 1 na 2 unatoa 8.3. Chini ya pointi mbili kwa pigo, na kwa hizo unatupa ngao ya kinga 2. Tena kule kurudia hakugusi dadu za pigo takatifu, ni za upanga tu. Deraya ya minyororo 16 na ngao 2, una 18 kwa sarafu 85. Alama takatifu ichore kwenye ngao, Bless, uchawi wa baraka, utaipiga mikono ikiwa imejaa. Cure Wounds, uchawi wa kuponya, haitumii alama hiyo bali inataka mkono mtupu, hiyo itakulazimu urudishe upanga alani kwanza. Upinde sahau; pigo takatifu halishiki mshale, wala mkuki uliourusha. Mikuki mitano ya kurusha ibebe kwa ajili ya vinavyoruka, basi.

Jumamosi ukifika, kabla masta hajafungua ramani, mwambie unabaki paladini. Levo ya 3 andika: nafasi tatu za daraja la kwanza, dimbwi la kuponya kwa mikono pointi 15, uhai ongeza 6 na Uimara wako. Dimbwi hilo usilimwage kwa mtu mmoja. Pointi 1 inatosha kumwinua aliyeanguka, akasimama na kucheza zamu yake.