Kabla hujanoa kisu cha umbo, ipime puli

Mikanda mitatu kwa miezi miwili. Hayo ndiyo aliyoniambia mama mmoja mwenye kinu cha posho kule Ahero, akiiweka mezani puli (gurudumu lenye mfereji wa kupitisha mkanda) niliyomkerezea mimi mwenyewe hapa Kibuye, Kisumu. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, puli ni mpya, mkanda ni mpya, lakini mahindi yakishaingia kinu kinazubaa na harufu ya mpira inajaa nyumba nzima." Niliitazama ile puli. Mfereji ulikuwa umenyooka, unang'aa, kazi ambayo ningemwonyesha mtu yeyote kwa fahari. Kosa lilikuwa kwenye kisu nilichoitengenezea.

Kisu cha umbo ni kile ambacho makali yake yamenolewa yakawa sura ya kitu unachokitaka: mfereji wa mkanda, mviringo wa shingo ya shafti, jino la gia. Unakisukuma ndani ya chuma na sura inabaki. Kinaokoa muda mwingi, na ndiyo maana mafundi wengi tunakipenda. Lakini ukikosea pembe mara moja, kila puli itakayotoka kwenye lethi yako, ile mashine inayozungusha chuma kikikatwa, itazaliwa na kosa lilelile.

Mimi nilikosea hivi. Mkanda wa aina ya B una upana wa milimita 17 juu, unene wa milimita 11, na mbavu zake zina pembe ya nyuzi 40. Niliupima ukiwa umenyooka, nikanoa kisu cha nyuzi 40. Nilichokuwa sijui ni kwamba mkanda ukikunjwa kuzunguka puli ndogo, upande wake wa nje huvutwa ukasinyaa na upande wa ndani hubanwa ukatanuka, kwa hiyo ile pembe inapungua. Ndiyo sababu puli ya B yenye kipenyo kisichozidi milimita 190, kikipimwa pale mkanda unapofanyia kazi, huchongwa nyuzi 34, na iliyo kubwa zaidi huchongwa nyuzi 38. Mfereji wangu ulikuwa na mdomo mpana mno. Mkanda ulishika kwa pembe zake za chini tu, ukateleza, ukaungua.

Siku hizi sigusi jiwe la kunolea kabla sijakata kipimo cha bati chenye pembe ninayoitaka. Nakikata, nakipiga tupa, nakihakiki kwa kipimapembe, kisha nanoa kisu kwa kukilinganisha nacho mbele ya mwanga. Mwanga ukipenya popote, bado.

Kwa puli natumia haispidi, kile chuma kigumu cha kutengenezea visu vya lethi, ya nusu inchi. Ncha naiacha na upana wa milimita 3.5, na mbavu zikinolewa kwa nyuzi 34 zinapata urefu wa milimita 15 hivi, unaotosha kufika chini. Utaona kisu hicho ni chembamba kuliko mfereji, na nimekusudia hivyo. Kisu kinachojaza mfereji mzima hukata mbavu zote mbili kwa pamoja, na lethi zetu nyingi zimechoka. Zitatetemeka na kuacha mawimbi kwenye chuma. Naondoa nyama ya katikati kwanza kwa kisu cha kawaida cha kukatia, ngazi kwa ngazi, halafu kisu cha umbo kinasafisha ubavu mmoja, kisha wa pili. Kazi yake ni kumalizia.

Uso wa juu wa kisu uache bapa kabisa. Ukiuinamisha kurudi nyuma, sura itakayochongwa haitakuwa ile uliyonoa. Chini ya makali, mbele na mbavuni, ondoa nyuzi 7 au 8 ili kisu kisisugue. Kifunge kikiwa kimechomoza kidogo iwezekanavyo, makali yakiwa sawasawa na senta, yaani kimo cha katikati ya kazi inayozunguka, kwa sababu kikishuka pembe inabadilika. Na kikiwa butu, nolea juu tu. Ukigusa mbavu umetengeneza kisu kingine.

Mwendo uwe wa polepole. Puli ya milimita 150 ikizunguka mara 30 kwa dakika, chuma hupita mbele ya kisu kwa mita 14 hivi kila dakika, na hapo mashine yangu hutulia. Ikianza kulia, punguza mizunguko. Usipunguze msukumo hadi kisu kianze kusugua badala ya kukata.

Vijana huniuliza kuhusu kutengeneza kisu kwa tupa kuukuu. Inafaa kwa shaba na kazi chache, ila ikigeuka bluu kwenye jiwe, ugumu wake umekwisha. Ichovye maji mara kwa mara. Haispidi usiichovye ikiwa ya moto sana, itapata nyufa usizoziona.

Kwa gia kwenye mashine ya kufraizi, ambayo kisu ndicho kinachozunguka, kisu cha jino moja kinawezekana, lakini nakili nafasi iliyo kati ya meno ambayo hayajalika. Na usidhani kisu kimoja kitafaa gia zote za ukubwa huo wa jino: seti ya kawaida ina visu 8, kuanzia cha meno 12 na 13 hadi cha meno 135 na kuendelea.

Yule mama nilimkerezea puli nyingine bila malipo, maana mfereji uliopanuka haurudi. Baada ya wiki moja nilipanda matatu hadi Ahero, nikamwomba azime injini, nikatoa mkanda. Mbavu za mfereji zilikuwa ziking'aa kutoka juu hadi chini, na sakafu yake bado ilikuwa na rangi ya kijivu, haijaguswa. Nawe angalia hapo kwenye puli yako. Sakafu ikianza kung'aa, mkanda umezama, na mbavu hazishiki tena.