Uliza Anko: Nile nimeizoea, sasa naitwa kwenda Zanskar

*Shikamoo anko. Nimeshuka Nile pale Jinja, Uganda, na rafti (boti ya mpira) mara kadhaa, maporomoko ya daraja la tano nayajua, nimepinduka nimekunywa maji na bado nikarudi. Sasa marafiki wananiita twende mto Zanskar, kule Ladakh, India, mwezi wa nane. Naambiwa ni daraja la tatu mpaka la nne tu. Si nitaboreka? – Msomaji, Nakuru*

Marahaba. Hutaboreka, wewe nenda tu, ila hiyo "tu" iache nyumbani. Hayo madaraja yanakuambia maji yamechafuka kiasi gani, hayakuambii maji ni ya baridi kiasi gani wala hospitali iko wapi. Jinja ukimwagwa unaangukia maji ya uvuguvugu, chini ya poromoko kuna sehemu imetulia, jamaa wa kayaki, vile viboti vyembamba vya mtu mmoja, wanakufuata wanakuokota, jioni uko mjini unakula rolex, ile chapati ya mayai. Zanskar inatoka kwenye barafu za Himalaya. Ukianguka kwenye maji ya namna hiyo kifua kinabana ghafla unahema ovyo bila kutaka, na hapo ndo watu wanameza maji, kwa hiyo dakika ya kwanza kazi yako ni moja, tuliza pumzi, mambo ya kuogelea baadaye. Maji yakikaribia kuganda, baada ya kama dakika kumi vidole vinakufa ganzi, unaishika kamba uliyorushiwa na unaiona inateleza mkononi, nguvu ya kubana hakuna. Ndo maana waongozaji wenye uzoefu wanalihesabu poromoko la daraja la nne huko kama la tano. Usikubali kupanda boti bila weti suti nzito, au ile suti isiyopitisha maji kabisa, pamoja na helmeti na laifu jaketi iliyobana vizuri. Kampuni ikikuambia kaptula inatosha, tafuta kampuni nyingine.

Halafu kuna urefu. Leh, mji utakaofikia kwa ndege, uko kama mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu na Horombo kule Kilimanjaro (mita 3,720), tofauti ni kwamba Horombo unafika kwa miguu siku ya pili na huku unashushwa na ndege asubuhi moja. Hewa unayovuta hapo ina oksijeni kama theluthi mbili ya ile ya Mombasa. Pumzika siku mbili nzima, kunywa maji, pombe weka pembeni, na kama una tatizo la moyo au mapafu muone daktari kabla hujalipia chochote, umuulize na habari za Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea urefu. Nimeona vijana wenye misuli wanatapika kwenye maeneo ya namna hii huku mama wa makamo anatembea taratibu na yuko sawa kabisa. Ukianza kuyumba kama mlevi au kuishiwa pumzi umekaa, hayo si mambo ya kuvumilia, ni kushuka chini saa hiyo hiyo.

Ukitokea Kenya beba kadi ya homa ya manjano. Na simu ya setilaiti usiingie nayo India bila kibali, watu wamekamatwa kwa hilo, waachie wenyeji wenye ruhusa zao.

*Anko, kaka yangu alienda milima ya huko anasema waliweka kambi kando ya mto, mvua haikunyesha hata tone, usiku maji yakaingia hemani. Inawezekanaje? – Msomaji, Moshi*

Jua ndo lilifanya hivyo. Mchana barafu inayeyuka, maji yanaanza safari, na kama kambi iko mbali chini yanaweza kufika jioni au usiku. Mto wa barafu asubuhi unakuwa mpole, alasiri umepanda, umegeuka rangi ya saruji, na ukiwa ndani ya boti unasikia mchanga ukisugua chini kama kitu kinakaangwa. Ukifika kambini chomeka kijiti pale maji yanapoishia, kiangalie kabla ya kulala, na hema ipande juu hata kama wenzako wanalalamika kubeba mizigo.

Kuna balaa jingine la maporomoko ya ardhi. Tarehe 31 Desemba 2014 mlima ulianguka karibu na Phuktal ukaziba mto Tsarap, ambao ni mmoja wa mito inayounda Zanskar, likajitengeneza ziwa, na Mei 2015 likapasuka likabeba madaraja ya kuvukia mto. Kwa hiyo mto ukipungua ghafla bila sababu usifurahie, toka majini upande juu.

*Kuna jamaa kijiweni anasema watu walishuka Everest na kayaki. Tumebishana mpaka chai imepoa. – Msomaji, Tanga*

Mpe nusu. Kileleni hakuna mto, lakini mwaka 1976 Waingereza wakiongozwa na daktari Mike Jones walishuka Dudh Kosi, mto unaobeba maji ya barafu za Everest, wakianzia juu ya mita 5,000. Sehemu nyingine walibeba kayaki begani kwa sababu hazipitiki. Miaka miwili baadaye Jones alikufa mto Braldu, Pakistan, akijaribu kumwokoa mwenzake.

*Sijui kujigeuza nikipinduka na kayaki. Naweza kujifunzia huko huko? – Msomaji, Thika*

Hapana. Sagana iko jirani yako, jifunzie hapo mpaka uweze upande wa kulia na wa kushoto bila kufikiri. Kabla ya hapo, Zanskar panda rafti.