MLH1 haionekani, BRAF imebadilika: je, ripoti ya mama ni mbaya?

Swali: Shikamoo Daktari. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, amefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, upande wa kulia, hatua ya pili. Ripoti ya maabara inasema protini za MLH1 na PMS2 hazionekani, na jeni ya BRAF ina badiliko la V600E. Nimesoma kwamba BRAF ni dalili mbaya. Je, aanze kemotherapi?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Viashiria hivyo husomwa kwa pamoja, tena kwa kuzingatia hatua ya ugonjwa. MLH1 na PMS2 ni protini zinazoshirikiana kurekebisha makosa ya DNA; PMS2 haidumu bila mwenzake MLH1, kwa hiyo hitilafu hapo ni moja, si mbili. Chini ya hadubini, viini vya seli za kawaida hushika rangi ya kahawia inayoonyesha kwamba protini ipo, ilhali vya uvimbe hubaki samawati, ishara kwamba mfumo wa kurekebisha makosa ya DNA umezimika. Uvimbe wa namna hiyo hurundika makosa mengi kiasi kwamba kinga ya mwili huutambua kwa urahisi, na ndiyo maana katika hatua ya pili uwezekano wa kurudi huwa mdogo. Fluorourasili, dawa ya kemotherapi, ikitumika peke yake haijaonekana kuwafaidi wagonjwa hao, hivyo daktari asipompa dawa msidhani amemtelekeza.

Sifa mbaya ya BRAF imetokana hasa na wagonjwa ambao saratani imesambaa huku mfumo huo wa kurekebisha DNA ukiwa mzima. Kwa mama yenu inaashiria jambo jingine: kwamba MLH1 ilizimwa ndani ya uvimbe wenyewe, hitilafu haikurithiwa, na hofu ya ugonjwa wa Lynch (hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani ya utumbo) kwenu watoto inapungua sana.

Hata hivyo, mwulizeni daktari kama uvimbe ulifikia T4 (yaani ulipenya hadi nje ya ukuta wa utumbo au kuingia viungo vya jirani), kama utumbo ulitoboka, na kama tezi za limfu zilizochunguzwa hazipungui 12, kwani majibu hayo yanaweza kubadilisha uamuzi.

Itunzeni ripoti hiyo, na mwombe maabara ihifadhi bloku ya parafini, yaani kipande cha uvimbe kilichogandishwa kwenye nta. Saratani ikirudi na kusambaa, kiashiria hichohicho cha MLH1 kutoonekana ndicho kitakachofungua mlango wa pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili, ambayo katika utafiti wa KEYNOTE-177, uliochapishwa mwaka 2020, iliuzuia ugonjwa kusonga mbele kwa wastani wa kati wa miezi 16.5, dhidi ya 8.2 kwa kemotherapi.