Mtoto na pikipiki ya magurudumu manne

SWALI: Ndugu Mhariri, shemeji yangu amenunua pikipiki ya magurudumu manne ya kuzungukia shamba letu la zabibu hapa Hombolo. Mwanangu wa miaka 12 anaomba kuiendesha, na baba yake anasema shamba si barabara. Je, ukomo wa umri una maana? – Mama, Dodoma

JIBU: Una maana kubwa, mama, na sababu yake imo katika chombo chenyewe. Pikipiki ya watu wazima ya aina hiyo mara nyingi huzidi kilo 200, na dereva hulazimika kuuhamisha mwili wake kila anapokata kona au kupanda ukingo wa korongo, jambo ambalo mtoto mwepesi hawezi kulifanya ipasavyo hata akiwa hodari. Ikipinduka, humlalia kifuani, na shambani huenda hakuna mtu karibu wa kuinyanyua. Kwa hiyo hoja ya baba yake hainiridhishi hata kidogo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri aliye chini ya miaka 16 asiiendeshe, na mwaka 2010 jimbo la Massachusetts liliwawekea mipaka mikali walio chini ya miaka 14.

Nakiri kwamba umri peke yake hautoshi, kwani wapo vijana wa miaka 17 wasio na subira. Hata hivyo, mwanao asubiri. Mwombeni shemeji atunze ufunguo mwenyewe, avae kofia ngumu, na asimpakie mtoto nyuma.