Mabango ya Usalama kwa Madereva wa Jeshi: Majibu kwa Wasomaji

Msomaji wa Morogoro anauliza: Katikati ya Vita Kuu ya Pili, kwa nini Uingereza ilihangaika na mabango ya kuwahimiza askari waendeshe kwa uangalifu?

Kwa sababu barabara zenyewe zilikuwa zinaua. Tangu Septemba 1939 taa za nje zilizimwa usiku ili ndege za adui zisipate shabaha, na taa za magari zikafunikwa hadi ukabaki mwanga hafifu unaoangaza chini. Petroli ilitolewa kwa mgao na magari ya raia yakapungua, lakini vifo barabarani vilifika 9,169 mwaka 1941, idadi ambayo nchi hiyo haijaivuka hadi leo. Katika giza hilo vijana wengi walikabidhiwa malori ya jeshi ilhali hawakuwahi kushika usukani uraiani. Askari aliyekufa kwa ajali alikuwa amepotea sawa na aliyepigwa risasi, na lori lake pia.

Msomaji wa Nakuru: Wachoraji walipataje kusikilizwa na askari?

Mtazame Abram Games wa London, aliyekuwa askari wa miguu kabla ya Wizara ya Vita kumpa kazi ya kuchora, akaifanyia mabango yapatayo 100. Alijua kwamba askari hasimami ukutani kusoma aya nzima. Katika bango lake la 1942 la kukataza maneno ya ovyo yanayoweza kumfikishia adui siri, sauti inamtoka askari mdomoni kama mzunguko, inageuka ncha kali na kuwachoma wenzake watatu. Onyo la dereva nalo lilihitaji ufundi huohuo: aone kwa jicho moja nani atakufa kwa uzembe wake.

Msomaji wa Tanga: Je, maonyo hayo yalitiiwa?

Si kila mahali. Mwaka 1944 Wamarekani walianzisha msafara wa malori ulioitwa Red Ball Express, wa kuyapelekea majeshi petroli, risasi na chakula kote Ufaransa, na takribani robo tatu ya madereva wake walikuwa Wamarekani weusi. Amri ilisema mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa na magari yaachiane mita 55 hivi. Lakini mbele walikuwa wanasubiri shehena, kwa hiyo madereva waling'oa spidi gavana na kukimbiza. Siwalaumu hata kidogo: walikesha usiku baada ya usiku, na wengine walisinzia kwenye usukani, jambo ambalo hakuna bango lingeweza kulizuia bila makamanda kuwapa muda wa kulala.