Ukitumwa Shanghai kusomea kreni

Wadogo zangu mlioanza karakana ya kreni hapa bandarini, jina likitoka, mambo ya safari yamalizeni mapema. Kadi ya homa ya manjano ikae pamoja na pasipoti. Chanjo huchomwa angalau siku 10 kabla ya kuondoka. WhatsApp na Google hazifunguki kwenye intaneti ya Uchina, kwa hiyo wekeni WeChat mkiwa bado Mombasa, na wa nyumbani waiweke pia. Chakula cha halali kipo: tafuteni migahawa ya tambi yenye maandishi ya Kichina 清真 mlangoni, yaani halali. Kibla, sisi huku twaelekea kaskazini. Kule ni magharibi.

Sasa kazi. Slaidi za darasani zisikumalizie nguvu, nyingi utazikuta tena kwenye kitabu cha mashine. Omba upelekwe sakafuni kiwandani, wanakounda geaboksi. Pale utaiona ikiwa wazi, meno na beringi zote. Ikishafika hapa kwetu gati la Kipevu imefungwa, hutaiona ndani mpaka siku ya balaa. Kamera uombe ruhusa kwanza. Wakikataa, chora kwa mkono. Mkalimani naye mara nyingi anajua lugha, breki hazijui, na mchoro humsaidia hata yeye.

Siku ya majaribio ya uzito, kila mtu hutazama juu, kwenye spreda, ile fremu inayoshika kontena. Wewe simama kwenye chumba cha mashine karibu na fundi wa breki. Tazama anavyopitisha fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya pedi na diski, anavyokaza nati, kisha anapima tena. Mwombe akuachie upime mwenyewe. Mafundi wa sakafuni ni wakarimu kuliko wakufunzi, kwa maoni yangu.

Halafu uliza maswali ya kwetu. Hita ya kukausha unyevu ndani ya kabati la umeme inawaka hata kreni ikizimwa? Kama haiwaki, hewa ya chumvi itageuka matone juu ya vituo vya nyaya usiku, na asubuhi utakuta kreni imegoma. Kusi ikivuma, kipima upepo kinasimamisha kreni kwa kasi gani, na nani anaruhusiwa kuibadilisha namba hiyo?

La mwisho ni programu ya PLC, ile kompyuta inayoendesha kreni. Dai nakala yenye maelezo ya kila mstari, pamoja na nywila, na uifungue kwenye laptopu yenu kabla bosi hajatia saini ya kupokea kreni. Nakala isiyo na maelezo itawafanya mkisie, na kila hitilafu itabidi aitwe mtu kutoka ng'ambo kwa dola.

Chukua pia WeChat ya injinia aliyeiandika hiyo programu. Kreni ikikwama saa nane usiku na meli iko gatini, kwake ni saa moja asubuhi, yuko macho anakunywa chai.