Zilipendwa na marinda ya Januari

Salamu mhariri na wasomaji wenzangu, hapa ni Mtwara kuchele. Swali lenu la wiki hii, kwamba nyimbo za zamani zinakusaidia kumaliza kazi au unaishia kukumbuka tu ya nyuma huku kazi imelala, nimelisoma nikaona hili ni langu kabisa, maana mi ni fundi cherehani, nashonea barazani karibu na soko kuu na muziki hauzimwi mpaka nafunga. Jibu langu ni kwamba zinasaidia, tena sana, ila si kwa ajili ya kumbukumbu kama watu wanavyopenda kusema. Zinasaidia kwa jinsi zilivyotengenezwa, na hapo ndo nataka nieleze vizuri kwasababu hata vijana wanaojifunza kwangu bado hawajanielewa.

Wimbo wa bendi wa zile enzi una sehemu mbili. Mwanzo unaenda taratibu, hapo ndo kuna kisa chenyewe, mtu kaachwa, mtu anaonywa na wazazi, mtu kasafiri hajarudi, waimbaji wanapokezana na magitaa yanasokotana chini chini, alafu kisa kikishaisha muziki unabadilika, maneno yanapungua, gitaa la solo linatangulia, tarumbeta zinajibu, ngoma zinakaza, na hapo ndo wacheza dansi walipokuwa wanapasubiri, wenyewe wanaita chemko. Sikiliza Mlimani Park, ndo hao Sikinde, sikiliza Msondo toka walipokuwa wanaitwa NUTA Jazz, sikiliza Vijana Jazz ya Hemed Maneti au Marijani Rajabu na Dar International, utakuta mpangilio ni huohuo, dakika sita saba zinaenda na hamna mtu anakuharakisha.

Sasa chukua sketi ya shule ya marinda. Watu wanaona ni kitu kidogo ila nguo inayomjua fundi ni hiyo. Unakata kitambaa, unapiga alama za chaki pembeni, alafu unaanza, unakunja, unachoma pini, unakunja, unachoma pini, na kila rinda lazima lilingane na mwenzake maana ukizidisha kidogo tu kwenye rinda la kwanza na la pili, ukifika mwisho kiuno hakifiki kwenye zipu na unarudi kufumua vyote. Hapo mkono hautakiwi kukimbia. Sehemu ya taratibu ya wimbo inanishika mkono nisikimbie, sauti zinapokezana na mi nakunja, na mara nyingi gitaa linapoanza kuchemka pini zote zimeshaingia, pasi imepita, sketi naiingiza chini ya sindano naanza kukanyaga. Cherehani yangu ni ya miguu, kwahiyo mguu wenyewe unaifuata ngoma bila kuambiwa, na mshono wa kiuno unanyooka kwasababu mwendo haupandi wala haushuki. Nikiushona kimya kimya naona kabisa mguu unalegea katikati.

Kwa msiojua huku kwetu, Januari ndo mtihani wa fundi. Minada ya korosho inaanza Oktoba huko, hela zikiingia watu kwanza wanashona vitenge na sare za sherehe, sare za shule zinasahaulika mpaka wiki ya mwisho ya Desemba, alafu wanakuja wote siku moja. "Dada fundi nakuomba wangu umtangulize, Jumatatu anaripoti." Kila mzazi wake anaripoti Jumatatu. Kipindi hicho umeme nao unaweza kukatika usirudi mpaka jioni, lakini cherehani ya miguu haidai umeme na redio ina betri, tunaendelea.

Kijana wangu mmoja aliniambia, "Mama, hizi nyimbo zinaleta usingizi, weka singeli tumalize faster." Nikamwambia haya weka. Singeli ni muziki wa watu wanaojua wanachofanya na mi siudharau hata kidogo, ila unaanza juu na unaishia juu, hauna pa kupumulia, na mkono wa mwanafunzi unafuata kile anachosikia, sketi aliyoshona siku hiyo marinda yalikuwa yanaangalia kila upande. Tangu hapo tukakubaliana singeli inapigwa jioni, wakati wa kukata nyuzi, kukunja nguo, kufunga mizigo na kufagia, na kiukweli hapo haina mpinzani, duka linafungwa mapema.

Shida nyingine ya wimbo mpya ni kwamba unataka usikilizwe. Harmonize ni mtoto wa huku huku Mtwara, tunajivunia, alivyotoka kwa Diamond 2019 akaanzisha lebo yake ya Konde kila kibanda hapa mjini kilikuwa kinajadili, na akitoa kitu kipya mafundi wote tunasimama tusikie kasema nini, kaimba na nani, beti ya pili ikoje. Huo wimbo ukishaujua neno kwa neno ndo unageuka wa kazini, maana hapo unaimba mdomoni huku akili ipo kwenye kitambaa. Kwahiyo nisieleweke kama nasema za kale ndo bora na hawa wa sasa hawajui. Bongo Fleva ya mwanzo mwanzo wa miaka ya 2000, akina Lady Jaydee, TID, Juma Nature, Mr Nice na mtindo wake wa takeu, wakati ule wazee walikuwa wanasema ni kelele za wahuni, mi nikiwa msichana nazisikiliza mpaka naambiwa nitasahau chungu jikoni, na leo nashonea hizohizo na mkono umetulia. Hawa vijana wangu nao watakuja kushona na hizi za sasa hivi, sina wasiwasi.

Na hili la kufanya kazi na wimbo wala si jambo la redio. Huku uwanda wa juu Newala bibi yangu walikuwa wanatwanga makopa, muhogo mkavu, kwenye kinu kimoja watu watatu, michi mitatu inapanda na kushuka kwa zamu kwenye kinu kimoja, na kinachozuia isigongane ni wimbo tu, mmoja akikosea kuitikia wote wanasimama. Ule wimbo ulikuwa kifaa kama mchi wenyewe. Wavuvi wakivuta nyavu wanaimba, unyagoni mafunzo yenyewe yanaimbwa, na Msondo jina lao ni la ile ngoma ndefu ya unyagoni, Sikinde nao wamechukua la ngoma ya Wazaramo, kwahiyo bendi zilijua zimetoka wapi.

Alafu kuna kitu watu wanasahau tukiongelea zilipendwa kama starehe tu. Wale wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa. NUTA Jazz iliundwa 1964 na chama cha wafanyakazi, Vijana ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, polisi walikuwa na bendi yao, jeshi lao, JKT wao Kimulimuli, vyombo ni mali ya shirika na mtu analipwa mshahara wa mwezi, mazoezi anahudhuria kama vile mwingine anavyoingia kiwandani. Mi ndo maana naona ile miziki imeshonwa vizuri. Gitaa la rithimu linarudia kitu kilekile dakika saba nzima, halitetereki, yule mtu alikuwa kazini na kazi yake aliiheshimu.

Ila swali lenu lina upande wa pili na siwezi kuukwepa, kumbukumbu kweli zipo na kuna nyimbo siziweki mchana. Baba yangu alikuwa na redio kaseti, na miaka hiyo Tanzania Bara redio ilikuwa moja tu, Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na bendi zilikuwa zinarekodi studio za redio hiyohiyo. Kanda zenyewe kufika huku ilikuwa safari, hamna Daraja la Mkapa, limekuja 2003, basi linasubiri pantoni Rufiji, masika njia inakuwa tope tupu, wimbo unaweza ukawa umeshachuja Dar ndo unaingia Mtwara. Kwahiyo baba hasubiri kanda, anarekodi toka redioni, mtangazaji akitaja wimbo anaoutaka anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na nyumba nzima tunaambiwa kimya. Kwenye kanda yake moja ya Mbaraka Mwinshehe, katikati ya solo, jogoo wetu anawika. Mbaraka alikuwa ameshafariki kwa ajali Mombasa toka 1979, mi nimemjulia kwenye kanda, na nimeuzoea huo wimbo na jogoo wake hivyo kwamba nikiusikia msafi naona wameuondolea kitu. Huo naweza kushona nao, nafurahi tu. Lakini ule wa Kifo wa Remmy Ongala, tangu baba aondoke, ukianza natoa mguu kwenye pedeli. Si kwamba sitaki kuusikia, nausikiliza jioni nyumbani nikiwa nimekaa, maana ni wimbo unaostahili mtu akae.

Kwahiyo anayesema nyimbo za zamani zinampotezea muda namuelewa, inawezekana anapiga zile zinazomdai kitu wakati yupo kazini. Au inawezekana tatizo ni simu. Hili naliona kila siku, mtu anashika simu abadilishe wimbo, anakutana na status ya shoga yake, anaingia kwenye magrupu, akiinua kichwa pasi imepoa. Mi simu inakaa kwenye droo ya nyuzi, muziki upo kwenye flashi, flashi ipo kwenye sabufa (umeme ukienda naichomeka kwenye kile kiredio cha betri) na nimezipanga kabisa, asubuhi Sikinde na Msondo kwa ajili ya kukata na kupanga marinda, mchana jua likiwa kali Bongo Fleva ya zamani ituamshe, wakati wa kupiga hesabu na kuandika vipimo vya wateja nazima kila kitu maana namba na mashairi havikai kichwa kimoja, jioni ni zamu ya vijana na singeli yao.

Na wewe ukienda kibandani kuwekewa nyimbo kwenye flashi mwambie yule kijana akuwekee wimbo mzima. Wengi wanashusha zilizokatwa, dakika tatu tu kisa kinaisha na wimbo unaishia hapohapo, chemko yote imebaki nje. Usiondoke, usikilize pale pale mpaka mwisho, ukikuta imekatwa mrudishie atafute nyingine, zipo.